Spika za Stoo ya Mama Tluway

Nilifika Nambis siku ya tatu baada ya mazishi ya Mama Tluway. Mvua ilininyima kuwahi, na basi la kutoka Babati lilikwama palepale ambapo mabasi yamekuwa yakikwama tangu nikiwa msichana. Kijana wa boda boda alinishusha kwenye njia ya kuingilia, na kabla hata sijafungua mwavuli nikamwona mwanawe, Tluway. Alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na wazee, kajifunika shuka, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa ili sikio la kushoto lielekee kwa anayezungumza. Sikio la kushoto ndilo aliloliamini siku zote. Niliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, maana hata ukiwa na wajukuu huko Nambis hukosi watu wa kukuitikia marahaba. Kisha yeye akasimama, tukashikana mikono. Hatukukumbatiana. Huko watu hawakumbatiani mbele ya wazee, na sisi hatukuwahi kukumbatiana hata wazee walipokuwa mbali.

"Pole, Tluway."

"Nimeshapoa, mwalimu. Pole na safari."

Tulipewa chai ya maziwa na viazi vitamu, tukasogea kwenye ukuta wa jikoni ambako moshi ulitufukuzia baridi kidogo. Tuliongea mambo ya kawaida: nani amekufa, nani amestaafu, barabara. Halafu akakitazama kikombe chake. "Uso wake ninao," akasema. "Picha zipo nyingi tu, za harusi, za kipaimara. Lakini sauti imeanza kunitoka. Nilijaribu jana kuisikia kichwani, nikasikia sauti ya shangazi." Mama Tluway hakuwa mtu wa simu. Ukimpigia alimpa jirani aongee kwa niaba yake, yeye amekaa pembeni akitikisa kichwa, na kurekodiwa ndiyo kabisa alikataa. Miaka yote mwanawe alipoishi mbali, huko Hirbadaw, salamu zao zilipita kwa midomo ya watu wengine. "Ile CD ya kuku," Tluway akasema, "sijui kama bado unayo."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mkoba, nimeifunga ndani ya sweta. Sitadanganya, kati ya vitu vyote nilivyobeba, hicho ndicho nilichohakikisha hakilowi.

Ili mtu aelewe kwa nini watu wazima wawili waliweka tumaini lao kwenye CD ya kuku, inabidi nirudi kwenye mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Nilikotoka na wazazi wangu ni akina nani havihusiki hapa. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimepanga chumba kwa Mama Tluway, na nilikuwa nikihisi baridi kuliko nilivyowahi kuhisi baridi maishani. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza ya daftari za wanafunzi, na dirisha dogo linalotazama zizi. Asubuhi niliamshwa na harufu ya moshi na ya kibuyu cha maziwa kilichosafishwa kwa mkaa wa mti ambao sijawahi kuujua jina lake kwa Kiswahili. Chakula tulikula jikoni, miguu ikiwa karibu na moto: ugali na maziwa ya mgando, makande yaliyochemka tangu mchana, majani ya maboga siku ambazo Mama Tluway aliamua kuwa mwalimu amekonda. Hakuwa na maneno mengi ya Kiswahili, na aliyokuwa nayo aliyatamka kwa koo, kila neno linatoka na uzito wake. Mimi Kiiraqw sikukijua. Sentensi ya kwanza niliyojifunza ya lugha ile si salamu. Ni ile aliyoipaza kutwa mara nyingi, tena kwa mwito wa mtu anayerudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde: "Tluway, funga mlango, kuku wanaingia."

Mlango wenyewe ulikuwa wa stoo. Stoo ilipakana na chumba changu kwa ukuta mmoja na jikoni kwa ukuta mwingine, na mle ndani baada ya mavuno magunia ya mahindi na maharage yalipangwa kandokando ya kuta zote mpaka karibu na dari. Tluway alikuwa amerudi kutoka Arusha, ambako alikuwa amejifunza kurekodi kwenye studio ya mtu, na alirudi na kompyuta iliyofungwa blanketi, maiki mbili, na sabufa yenye taa za rangi. Baba yake mkubwa wa Hirbadaw, aliyekuwa na trekta na mashamba ya ngano chini ya mlima Hanang, alimtaka akaendeshe trekta. Mazungumzo hayo niliyasikia nikiwa chumbani nasahihisha daftari. Ukuta ule haukuwa na siri. Walizungumza kwa Kiiraqw, na Tluway alinitafsiria kesho yake. Mama yake alisema: "Shemeji, niachie mwaka mmoja. Kutoka mavuno haya mpaka mavuno yajayo. Akishindwa, mchukue." Baba mkubwa akauliza studio itakaa wapi. "Stoo," akasema Mama. "Mahindi hayatamsumbua." Mzee alicheka, wakakubaliana, na huko makubaliano ya jikoni yaliyosemwa mbele ya moto hayabadilishwi na mtu.

Kazi ya kwanza ikawa kwaya ya kigango. Walikuja Jumamosi mchana, wakajibana katikati ya magunia, akina mama mbele, besi nyuma wamekalia maharage, na Katekista Bonifasi, mwalimu wao wa kwaya, amesimama juu ya debe ili wamwone. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza palipoandikwa kurekodi Tluway aliponikonyeza, na niliichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko ya serikali. Mlango wa stoo haukuwa na komeo la maana. Kuku walijua mle ndani kuna nini, na kila mara mmoja alipopenya, sauti ya Mama ilitoka jikoni. Hatukuijali. Tulipoucheza wimbo kwenye sabufa tulisikia ngoma zikitikisa vumbi la pumba, kwaya ikinguruma, na tukapeana mikono. Sabufa hupenda besi na husahau mengine yote. Lakini hilo hatukulijua. Tulidhani tumeshakuwa watu wa studio.

Jumapili Tluway alipeleka CD kwa katekista, naye akaicheza kwenye kompyuta ya ofisi ya padri, yenye vispika vyembamba visivyo na besi hata chembe. Tuliitwa baada ya misa. Katekista Bonifasi alitukaribisha viti kwa heshima kubwa, na mzee yule akikuheshimu sana ujue umekwisha. "Tluway," akasema, "wimbo huu wa shukrani una beti ngapi?"

"Nne, mwalimu."

"Mimi nimesikia tano. Ya tano inahusu kuku."

Akaucheza. Pale kwaya inaponyamaza kabla ya ubeti wa mwisho, pale alipowafundisha kwa wiki nyingi wavute pumzi kimya kimya, ikapita sauti ya Mama Tluway, safi, na baada yake mlango ukigonga. Padri alitoka nje akijifanya anatafuta miwani. Tluway aliinamisha kichwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na tulipomweleza Mama akasema tu, "Basi nitanyamaza." Akanyamaza kweli. Kesho yake hakuita kutwa nzima, na sijawahi kuishi siku ndefu kama ile. Nyumba ilikuwa kama imehamwa. Kuku walikula mahindi watakavyo. Kesho kutwa yake alishindwa, akaita, na nikamsikia Tluway upande wa pili wa ukuta akicheka peke yake kwa furaha.

Jioni hiyo jikoni Mama aliuliza kosa lilikuwa wapi hasa. Tluway akamweleza kwamba sabufa ni ya kuchezea muziki uliokwisha tengenezwa. Huongeza utamu. Mtu anayetengeneza anahitaji spika za studio, ambazo haziongezi wala kupunguza. Kilichomo ndicho zinachosema. Mama alikoroga ugali, akafikiri. "Kwa hiyo masikio yenu ni mabovu," akasema. "Nunueni mengine." Mnada uliofuata alimpeleka ndama wake dume, yule aliyekuwa akimlisha mkononi, akarudi na kamba tupu. Alining'iniza kamba kwenye msumari wake, akaendelea na kuchambua maharage.

Kabla hatujaenda Arusha kununua spika, Tluway alitengeneza CD ya kujaribia. Aliweka vitu vitatu tu. Cha kwanza, wimbo wa akina mama wa Kibarbaig aliourekodi Hirbadaw alipokwenda kumsalimia baba mkubwa, maana bangili zao za shaba zinapogongana hutoa sauti nyembamba sana na spika mbaya huifanya iwe kelele za masufuria. Cha pili, ngoma. Cha tatu, wimbo wa shukrani vilevile ulivyorekodiwa, pamoja na mama yake. "Spika itakayomficha Mama sitaki," akasema. Ndiyo ikawa CD ya kuku.

Duka lilikuwa na zulia na kiyoyozi, na muuzaji alikuwa kijana mstaarabu ambaye hakutudharau hata tulipovua viatu mlangoni kwa ushamba wetu. Alituwekea kwanza jozi kubwa, yenye tundu la kupumulia nyuma. Ngoma zilipopiga nilizisikia kifuani. Macho ya Tluway yaling'aa, na nilijua mtu wangu ameshanunua. Wateja wengine waligeuka. Kisha muuzaji akauliza, "Chumba chako kikoje?"

"Kidogo. Kama kuanzia hapa mpaka kwenye lile kabati."

"Kuta?"

"Tofali za kuchoma. Zimepigwa lipu."

"Ndani umeweka nini?"

"Mahindi," akasema Tluway. "Na maharage."

Kijana wa watu alitutazama kuona kama tunamtania. Alipoona hatutanii akacheka, akasema labda mahindi hayo yatatusaidia, lakini katika chumba kidogo besi ya spika kubwa haina pa kwenda, itagonga ukuta na kuturudia, na tutakuwa tunasikiliza chumba badala ya wimbo. Akaunganisha jozi ndogo, nyeusi, isiyo na urembo wowote. Nilikata tamaa mara tu zilipoanza. Ngoma zilikuwa ngoma tu. Bangili zilikuwa bangili, moja moja, ungeweza kuzihesabu mikononi mwa wenye nazo. Ukaja wimbo wa shukrani, na kabla ya ubeti wa mwisho Mama Tluway akaingia dukani. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Aliita kutoka jikoni kwake, nyuma ya ukuta, upande wa kulia, na tukasikia mlango, na tukasikia hata kuku mwenyewe akilalamika kutolewa. Kwenye zile kubwa alikuwa amezama ndani ya besi. Tulizirudia zote mbili ili tuwe na hakika.

"Hizi ndogo," akasema Tluway.

"Hazina utamu," nikamwambia.

"Utamu tutautia sisi."

Tulizipakata mapajani mpaka Mbulu, kila mtu yake, wala hatukukubali kondakta aziweke chini. Mama alipoziona akazishika kiunoni mwake kupima. "Mbona vidogo? Ndama mzima?" Tluway alizipanga juu ya matofali, chini yake akaweka vipande vya kandambili zilizochakaa ili tofali lisitetemeke, akazisogeza mbali na ukuta, urefu sawa na masikio ya mtu aliyeketi. Kwa uzi wa kushonea magunia alipima kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kichwani kwa msikilizaji, mpaka pembe zote tatu zikalingana. Kisha akamketisha Mama pale, akamchezea sauti yake mwenyewe. Mama alivuta kitenge mdomoni. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu mwanamke ana kelele." Akainuka. "Mwondoeni." Ndivyo tulivyofanya. Kwaya iliitwa upya, mlango ukatiwa komeo, na katika albamu iliyotoka hayumo.

Kuhusu pembe tatu ile nina jambo la kusema, na kwa umri wangu sioni aibu tena. Spika za namna hiyo zina mahali pamoja tu pa kusikilizia. Ukisogea kidogo, wimbo unapinda. Mahali hapo panamtosha mtu mmoja, na sisi tulikuwa wawili. Mwanzoni tulipokezana. Baadaye tukakaa pamoja kwenye gunia moja la maharage, bega kwa bega, yeye akipoteza kidogo upande wake na mimi nikipoteza kidogo upande wangu. Nilirudi kutoka shule, nikabadili viatu, nikaingia stoo, na mpaka Mama aite chakula tulikuwa pale. Alikuwa na sweta la kijani lililofumuka mkono. Alinukia pumba na sabuni ya kufulia. Hatukuwahi kusemeshana neno la mapenzi, hata moja. Nilimpenda. Nilimpenda kwa bega langu la kulia, kama hilo linawezekana, na baridi ikiniingia mpaka leo bega hilo ndilo linalotangulia kuisikia.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka mvua zilipokolea. Hapo mambo yakaanza kuharibika na hatukujua kwa nini. Ngoma zilikuwa zinavimba. Tluway akapunguza besi, kesho zikavimba tena, akapunguza tena. Katekista Bonifasi akacheza kazi mpya kwenye redio yake, akauliza kwa heshima ile ile, "Ngoma zimeenda wapi? Zimeshikwa na homa?" Tluway akazifungua spika, akapuliza vumbi, akabadilisha matofali, akaanza kusema labda tumeuziwa mbovu. Akawa mkali, hata chai hanywi. Mwisho wa mwaka wake ulikuwa unakaribia na alijua. Siku moja nikawa nimekaa mle peke yangu nasahihisha daftari, nikasoma jina la mwanafunzi kwa sauti, likanirudia. Nikasoma jingine. Likanirudia. Nikainua macho, nikaona kuta. Jamani, kuta! Tangu nihamie pale sikuwahi kuziona kuta za stoo ile. Magunia yalikuwa yamebaki machache kwenye kona moja, tumeyala, tumeyasaga, tumewapa wageni, na lipu yote ilikuwa wazi, hakuna tena cha kuimeza sauti. Nilitoka mbio mpaka zizini. "Tluway," nikamwambia, "nusu ya spika zako tumeshaila."

Alinielewa kabla sijamaliza. Alikaa chini palepale kwenye samadi, akacheka mpaka akalia. Habari ikafika kwa akina mama wa kwaya, wakaja na magunia matupu, wakayashindilia maganda ya maharage na majani makavu ya mahindi, wakayapanga kuta zote huku wakiimba na kututania: studio gani hii inashiba msimu na kulala njaa msimu? Panya walifurahi. Sauti ikarudi karibu na ilivyokuwa, ingawa si sawasawa. Mahindi yana uzito ambao maganda hayana. Tukamaliza albamu hivyo, na ilipozinduliwa uwanjani baada ya misa watu walicheza mpaka matope yakawa unga. Katekista Bonifasi hakusema lolote la heshima. Alinunua nakala ya kwanza, akaitia mfukoni mwa koti, akaipigapiga kwa kiganja.

Mavuno yakaingia. Baba mkubwa akaja na trekta yenyewe, akapewa kigoda, akanywa maziwa, akasikiliza albamu yote akitikisa mguu. Aliisifu kweli. Kisha akasema mwaka umeisha. Nilidhani Mama atasema mtoto hakushindwa. Albamu ilikuwa pale, watu waliipenda. Lakini mahindi ya mwaka ule yalikuwa haba, kazi nyingine ya studio haikuwa imekuja, na mwishowe hakuna aliyeweza kumwonyesha mzee chakula kilichotokana na nyimbo. "Mwaka niliomba mmoja," Mama akasema, na akamfungia mwanawe nguo yeye mwenyewe. Tluway aliniaga shuleni, kwenye mlango wa darasa la tatu, wanafunzi wote wakitazama. Alinipa CD ya kuku. "Mama anataka itupwe. Ifiche." Spika aliziacha. "Nitazifunga wapi, kwenye trekta?" Kama angeniambia twende, ningekwenda na chaki mkononi. Hakuniambia. Mwaka uliofuata nikahamishwa, akaoa, nikaolewa, tukazaa na kuzeeka, kila mtu na watu wake wema. Sijuti maisha yangu. Lakini nimekuwa na CD ile katika kila nyumba niliyoishi, na nimeijaribu kwenye redio, kwenye gari la mume wangu, kwenye kompyuta ya mwanangu, na kila mara kabla ya ubeti wa mwisho nilisikia kitu kinachopita mbali ambacho nisingeweza kuapa kuwa ni mtu.

Basi, tulimaliza chai. Mvua ilikuwa imekatika na jua la alasiri limetoka. "Spika zipo?" nikauliza. Tluway akaniambia mama yake alizifuta kila Jumamosi kwa miaka yote ile, akazifunika khanga, na aliyetaka kuziazima aliambiwa ni za ndama. Akaniongoza stoo. Nilijua ni msimu wa njaa, nikajiandaa kuona zile kuta tena, na moyo wangu ulikuwa mzito kwa sababu nilikumbuka jinsi zilivyonirudishia majina. Tluway akasukuma mlango. Stoo ilikuwa imejaa. Msiba wa Nambis hauendewi mikono mitupu. Kila nyumba ilikuwa imeleta mahindi, imeleta maharage, akina mama wa kwaya, watoto wa waliokuwa kwaya, watu wa ng'ambo ya bonde, na wote walikuwa wamepanga magunia yao kandokando ya kuta mpaka karibu na dari. Nilisema neno kujaribu. Halikurudi.

Alifunua khanga. Akatafuta uzi wa kushonea magunia, akapima pembe zake tatu polepole, magoti yakimlalamikia. Akaunganisha deki ya zamani ya sebuleni. Tulikaa kwenye gunia moja la maharage, kwa kuwa mahali pa kusikilizia ni palepale pamoja, yeye akipoteza upande wake na mimi upande wangu. Bega lake lilikuwa limekonda. Mlango tuliuacha wazi ili tupate mwanga. Bangili za akina mama wa Kibarbaig zikapita, moja moja, zikaja ngoma, kisha kwaya, na nikawasikia wengi ambao hawapo tena, besi waliokalia maharage, katekista akipiga kidole hewani. Tluway alifumba macho. Ubeti wa tatu ukaisha. Kwaya ikavuta pumzi kimya kimya, kama walivyofundishwa.

"Tluway, funga mlango, kuku wanaingia."

Alikuwa jikoni. Nyuma ya ukuta, upande wa kulia, amechoka kidogo na amekasirika kidogo, na mikono yake ina kazi. Tluway alikuwa ameshainuka. Nadhani hakujua kwamba ameinuka. Alikwenda mpaka mlangoni, akamtoa kuku aliyekuwa anachungulia, akafunga, akatia komeo, akabaki pale amenipa mgongo, mkono uko kwenye komeo, mabega yanatikisika. Sikumfuata. Niliurudisha wimbo nyuma kidogo, ili aitwe tena.